Kulungu na Ua Wako: Cha Kupanda Ukiwa Ohio au Pennsylvania

Ukishanunua nyumba yenye kiwanja, cha kwanza unachotaka ni ua wa miti wa kujisitiri na majirani. Duka la miche litakuelekeza kwenye mti uitwao Thuja occidentalis, kwa sababu haupukutishi majani. Kabla hujalipa, uliza majirani kama kulungu wa mkia mweupe hupita mtaani. Theluji ikishafunika nyasi, wanyama hawa huishi kwa vichipukizi na ncha za matawi, na mti huo wanaupenda mno. Kufika Machi utaukuta uchi hadi usawa wa kifua, kijani kimebaki juu tu, na sehemu iliyoliwa hadi kwenye tawi lisilo na majani hairudi tena.

Miche ya mwaloni, mepo (maple) mwekundu na msonobari mweupe nayo huliwa sana, hali kadhalika Cornus sericea, kile kichaka cha fito nyekundu. Taxus, mti mwingine wa ua, nao huwaponza wengi: kulungu huutafuna bila shida, lakini ni sumu kwa watoto, ng'ombe na mbuzi. Mimi singeupanda kabisa.

Umjue mwizi kwanza. Kulungu, kama mbuzi, hana meno ya mbele juu, kwa hiyo hung'oa, na kijiti hubaki na nyuzi nyuzi. Kijiti kilichokatwa mshazari, safi kana kwamba kwa kisu, ni kazi ya sungura.

Unachokipenda kizungushie waya wa kimo cha mita moja na nusu, usiogusa matawi, hadi kilele kipite midomo yao. Kuzungushia bustani nzima kunataka mita 2.4, maana wanaruka. Dawa za kupulizia zenye mayai husaidia, ila urudie kila baada ya mvua kubwa.

Kwa ua, mimi ningechagua Juniperus virginiana, ndugu wa mwangati wetu wa milimani; huwa hawaugusi ila njaa ikizidi. Wa matunda, tafuta Asimina triloba, wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Majani yake kulungu huyakwepa. Madume lakini husugua pembe kwenye mashina membamba msimu wa vuli, hivyo lifunike shina kabla ya Septemba. Na upande miwili ya mbegu tofauti. Ukiwa peke yake mara nyingi hauzai.