Somo: Kulisha ndama, kuanzia dang'a hadi kuacha maziwa

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara sita kwa nini ndama wanadumaa. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nafuga Chanika, ng'ombe wanne chotara wa Friesian, wote wa bandani.

1. Akizaliwa, mfute pua na mdomo. Kitovu kichovye kwenye iodini.

2. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe akishazaa. Hapa ndipo nilipoharibu. Ndama wangu wa pili alizaliwa saa mbili asubuhi. Jirani akaniambia ng'ombe hakamuliwi mpaka kondo la nyuma lidondoke. Likadondoka jioni. Siku ya nne ndama akaanza kuharisha, siku ya tisa nikamfukia nyuma ya banda. Jike, tena.

Ndama huzaliwa karibu hana kinga. Anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake unaipitisha kwenda kwenye damu kwa muda mfupi tu. Uwezo huo unapungua kila saa, na ikifika saa 24 umekwisha. Kwa hiyo lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za mwanzo, na lita 2 kati ya hizo ndani ya saa 2. Kondo lidondoke, lisidondoke. Kamua, pima, mpe. Usimwone anahangaika na chuchu ukadhani ameshiba. ONYO: usimmiminie kwa chupa ya soda huku umemwinua kichwa. Yataingia mapafuni. Tumia chupa yenye chuchu, avute mwenyewe.

Watoto wangu wanapenda dang'a ya kupika. Wanasubiri ya siku ya pili.

3. Maziwa: sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 40 anapata lita 4, asubuhi 2 na jioni 2, yenye joto la mwili. Najua mteja wa maziwa yuko getini. Usiongeze maji. Ndoo ioshwe palepale, kwa joto letu hili mabaki yanachacha haraka.

4. Maji safi tangu wiki ya kwanza.

5. Wiki ya pili, anza chakula cha ndama (mchanganyiko wa nafaka na mashudu), konzi moja. Asipomaliza, kesho mpe mama yake, mwekee kipya. Hiki ndicho kinachokomaza tumbo la kucheua, kuliko majani.

6. Kuachisha: akila kilo 1 ya chakula kwa siku tatu mfululizo, punguza maziwa taratibu kwa wiki moja.

MASWALI

Mdau wa Bunju: Mkuu, somo zuri. Dang'a nimpe baada ya muda gani?

Jibu: Namba 2.

Mdau wa Bunju: Nimeuliza tu kistaarabu.

Jibu: Na mimi nilimfukia kistaarabu. Soma namba 2.

Mdau wa Kigamboni: Wangu ana miezi miwili, tumbo kubwa ila mgongo umekonda. Nilimwanzishia majani mapema ili nisevu maziwa. Ndiyo sababu?

Jibu: Yawezekana sana, na umeuliza vizuri. Tumbo la kucheua bado changa, majani yanalijaza bila kumpa nguvu ya kutosha. Rudisha maziwa, ongeza chakula chenye mashudu ya alizeti. Ila mwite mtaalamu wa mifugo aangalie minyoo, nayo huleta sura hiyohiyo.

Mdau wa Goba: Nyongeza: dang'a ya ziada naigandisha kwenye chupa za maji. Mama akifa au akikosa maziwa, nayeyusha kwa maji ya uvuguvugu. Usiichemshe, kinga inaharibika.

Jibu: Asante. Umeme ukikatika muda mrefu, igawe jikoni.

Mdau wa Kigamboni: Bila mzani nitajuaje anakua?

Jibu: Futi ya fundi cherehani. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako, gawanya kwa 10,840. Kifua 90, urefu 80: karibu kilo 60. Ni makadirio, lakini yanatosha.

Mdau wa Bunju: Wangu amepata 52. Ni nzuri?

Jibu: Alizaliwa na ngapi?

Mdau wa Bunju: Sikupima.

Jibu: Andika 52 ukutani na tarehe ya leo. Njoo baada ya wiki mbili.