Ukuta wa chokaa, bogenvilia na kivuli chake

Mimi huchora vichochoro vya Mji Mkongwe wa Lamu kwa rangi za maji, na kwa muda mrefu picha zangu zilikuwa nusu ukuta, nusu maua. Jicho halikujua litue wapi. Siku hizi naamua kwanza nani mwenye nyumba na nani mgeni: ukuta wa chokaa unapata kama theluthi mbili za karatasi, bogenvilia inamwagika kutoka juu, pembeni, ikiuelekea mlango wa nakshi. Mlango wenyewe usiuweke katikati.

Nenda saa tatu asubuhi. Saa sita jua liko utosini na vivuli vimekwisha, nawe unavihitaji sana: kivuli cha matawi kikianguka ukutani ndicho kinachofanya nyumba na maua viwe kitu kimoja. Bila hicho, maua huonekana yamebandikwa.

Chukua karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita moja ya mraba, isije ikajikunja. Penseli itumie kwa uchache: ukingo wa ukuta, mlango, baraza, umbo la kichaka kizima.

Weupe wa ukuta ni karatasi yenyewe. Pitisha maji yenye manjano ya udongo kidogo tu, na pale chokaa ilipobanduka, jiwe la matumbawe likachungulia, gusa kijivu.

Kwenye maua, lowesha karatasi kwanza, kisha dondosha magenta, ile rangi ya wekundu wa zambarau, uiache isambae yenyewe. Karibu na mlango tu ndipo uchore kwa makini. Shika kishada kimoja ukitazame: vile vipande vitatu vyenye rangi ni majani; ua lenyewe ni kile kineli chembamba katikati, chenye mdomo mweupe. Mdomo huo uachie nukta ya karatasi tupu. Kijani kisubiri magenta ikauke, maana zikikutana mbichi utapata tope, na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado.

Kivuli ni cha mwisho. Changanya bluu ya kobalti na magenta ileile, nyepesi, upitishe kwa brashi kubwa mara moja bila kurudia. Kikifika barazani kikunje: ukutani kimesimama, juu ya baraza kinalala, kisha kinashuka tena hadi chini.