Kutoka daftari la kliniki hadi jarida la afya ya wazee: mwongozo wa muuguzi

Makala yangu ya kwanza ilirudi baada ya siku nne. Haikufika hata kwa wahakiki, wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa. Mhariri aliisoma mwenyewe, akaniandikia mistari mitatu. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili kuhusu idadi ya wazee inavyoongezeka duniani, jambo ambalo mhariri wa jarida la wazee analijua kuliko mimi. Kuhusu umri wa washiriki niliandika sentensi moja tu, kwamba waliulizwa. Akataka kujua: waliulizwaje, kama wengi wao hawana cheti cha kuzaliwa?

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye daftari langu, ila nililiona jambo la kawaida mno kuliandika.

Kwa hiyo mwongozo huu una mkazo mmoja: yale unayoyajua kuhusu wazee wako, na mhariri wa mbali hayajui, ndiyo yanayoibeba makala. Nitatumia mfano wa utafiti mdogo kuhusu wazee kuanguka nyumbani, uliofanywa kwa wanaohudumiwa kwenye dirisha la wazee, yaani huduma yenye foleni yao peke yao, la hospitali ya wilaya Tanzania.

Hatua ya 1: Kibali kwanza, dodoso baadaye

Kibali cha maadili kilichotolewa baada ya data kukusanywa hakikusaidii. Majarida yenye sifa huuliza jina la kamati na namba ya kibali, na tarehe zikigongana makala inaishia hapo. Tanzania Bara, chombo cha taifa ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Wa Kenya, pamoja na kibali cha kamati ya maadili, mnahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Cheti cha NIMR kisome hadi chini, kwa maana kina masharti, na mojawapo ni kuomba ruhusa ya kuchapisha matokeo. Wengi wanalikumbuka sharti hilo siku ambayo makala iko tayari kutumwa.

Ridhaa ya wazee ina mambo yake. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi asiwe mtu wa timu yako. Kwa mzee mwenye dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ndugu anaweza kuridhia kwa niaba yake, lakini mzee mwenyewe akionyesha hataki, amekataa. Azimio la Helsinki linataka kukataa kwake kuheshimiwe. Andika wangapi waliridhiwa na ndugu, na nani alipima uwezo wao wa kuelewa.

Hatua ya 2: Chagua jarida kabla ya kuandika

Ukiandika kwanza ndipo utafute pa kupeleka, utaandika mara mbili. Fungua matoleo ya karibuni ya majarida matatu na utazame kama kuna makala inayofanana na yako kwa aina, si lazima kwa mada. Age and Ageing la Uingereza na Journal of the American Geriatrics Society yana ushindani mkali. BMC Geriatrics husomwa bure na mtu yeyote, ila mwandishi ndiye anayelipa. Kama swali lako linawahusu zaidi madaktari na wauguzi wa ukanda wetu, usione haya kupeleka Tanzania Journal of Health Research, East African Medical Journal, African Health Sciences au Pan African Medical Journal. Utafiti wa dirisha la wazee unaweza kusomwa na watu wengi wenye uwezo wa kubadilisha kitu huko kuliko London.

Ada ya uchapishaji iulizie sasa hivi. Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na kwa baadhi ya wachapishaji hiyo maana yake ni kwamba msamaha kamili uligeuka punguzo. Ombi la msamaha hutolewa wakati wa kutuma; makala ikishakubaliwa, umechelewa.

Halafu kuna matapeli. Barua pepe inayokuita "Profesa Mtukufu" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku saba, ifute. Mwenzangu mmoja alilipa, makala ikatokea mtandaoni wiki ileile bila kuhakikiwa na yeyote, na mwaka uliofuata tovuti nzima haikuwapo. Kabla ya kutoa senti, tafuta jina la jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha soma makala zake mbili kwa macho yako.

Hatua ya 3: Tengeneza majedwali

Usianze na utangulizi. Jedwali la kwanza ni washiriki: umri, jinsia, elimu, anaishi na nani, magonjwa, dawa anazotumia. Jedwali la pili lijibu swali lako lenyewe. Kama huwezi kulijibu kwa majedwali mawili au matatu, huenda una maswali mawili, na hizo ni makala mbili. Chora pia mchoro wa idadi: waliofikiwa, waliokataa, waliokuwa wagonjwa mno kuhojiwa, waliobaki. Kwa wazee safu hiyo ya wagonjwa mno ina uzito, maana walioanguka na kuvunjika nyonga wako kitandani nyumbani, hawakuja dirishani kabisa.

Hatua ya 4: Sehemu ya mbinu

Hapa kaa muda mrefu. Chukua kwanza orodha ya ukaguzi inayolingana na utafiti wako kwenye tovuti ya EQUATOR, inayokusanya orodha za namna ya kuripoti tafiti za afya. Utafiti wa kuchunguza bila kuingilia matibabu hutumia STROBE, yenye vipengele 22. Mahojiano ya kina, COREQ, yenye 32. Taarifa ya mgonjwa mmoja, CARE. Andika ukiwa na orodha hiyo pembeni.

Sasa umri. Mzee ukimuuliza tu ana miaka mingapi, majibu yatarundikana kwenye 60, 65, 70, 75 na 80. Mhakiki makini ataona vilima hivyo kwenye data yako. Sisi huuliza kwa matukio. Mpango wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, miaka ya 1947 hadi 1951, unaukumbuka? Ulikuwa unachunga au ulikuwa hujazaliwa? Uhuru wa 1961 ulikukuta darasani au umeshaolewa? Operesheni Vijiji, mlihamishwa ukiwa na mtoto wa ngapi? Bibi mmoja alituambia hajui mwaka wake ila alimnyonyesha kifungua mimba wake siku bendera ya Waingereza iliposhushwa. Hapo una pa kushika. Yote haya yaandike: matukio mliyotumia, nani aliuliza, mlifanya nini kitambulisho cha taifa kilipopingana na simulizi. Niliyoyaona mimi ni kwamba umri wa kwenye kitambulisho mara nyingi nao ulikadiriwa na mtu fulani mezani.

Pili, vipimo. Kipimo kikiwa maarufu hakijawa chako. Faharasa ya Katz ya 1963 inaangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kujizuia haja na kula. Inatumika vizuri kwetu ukieleza choo ni cha aina gani. Kuchuchumaa chooni na kuketi kwenye bakuli ni kazi mbili tofauti kwa goti la miaka 78. Kipimo cha Lawton na Brody cha 1969 kinauliza pia kuhusu simu, kufua, kupika na kushika fedha. Mzee wa kiume ambaye hajawahi kupika maisha yake yote utamwandikia ameshindwa? Eleza ulivyoamua. Kipimo cha kumbukumbu cha MMSE kinamtaka mtu aandike sentensi na kunakili mchoro, kwa hiyo kinamwadhibu ambaye hakwenda shule. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo cha IDEA, ambacho mzee anapanga umbo kwa njiti za kiberiti badala ya kushika kalamu. Kama umetumia dodoso la Kiswahili, sema nani alilitafsiri, nani alilirudisha kwenye Kiingereza bila kuona la mwanzo, na ni neno gani lililoleta ubishi.

Tatu, tukio lenyewe. "Kuanguka" kwa Kiswahili cha mitaani kunaweza kuwa kuteleza, kuzirai, au hata kifafa. Eleza swali lilivyoulizwa neno kwa neno: ulijikuta chini bila kukusudia? Na muda: "miezi 12 iliyopita" haishikiki kichwani, lakini "tangu Idi ya mwaka jana" au "tangu Krismasi iliyopita" inashikika.

Mwisho wa sehemu hii, mweleze msomaji wa ugenini dirisha la wazee ni nini: kuanzia miaka 60, foleni yao peke yao, nani hutibiwa bila malipo na nani hulipia. Sentensi mbili au tatu zinatosha. Bila hizo, mhakiki hatajua wazee wako ni akina nani kati ya wazee wote wa wilaya.

Hatua ya 5: Sehemu zilizobaki

Matokeo: soma majedwali kwa sauti, usiyarudie yote. Mjadala: anza na jibu la swali lako, linganisha na tafiti chache za karibu, kisha taja udhaifu wa utafiti bila kujidhalilisha. Utangulizi uandike sasa, aya tatu. Ikisiri ya mwisho kabisa. BMC Geriatrics hutaka isizidi maneno 350, wengine chini ya hapo.

Lugha ni jambo dogo kuliko tunavyodhani, ila kuna neno moja la kuangalia. Kwetu "mzee" ni heshima. Hata kijana mwenye gari huitwa mzee na wapiga debe. Kwa Kiingereza, andika "older adults", usiandike "the elderly". Jarida la madaktari wa wazee wa Marekani liliweka msimamo huo waziwazi mwaka 2017, na wengine wanafuata mkondo uleule.

Hatua ya 6: Majina

Fanyeni kikao kabla makala haijakamilika. Masharti ya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ni manne, na mtu ayatimize yote: amechangia kazi yenyewe kwa kiasi cha kuonekana, ameandika au kusahihisha, ameridhia nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Mganga mkuu aliyesaini barua ya kuruhusu utafiti anashukuriwa mwishoni. Najua ugumu wake. Mwambie mapema, kwa adabu, ukiwa na masharti hayo mkononi. Na muuguzi aliyehoji wazee 200 mpe nafasi ya kusoma na kusahihisha rasimu, asije akakosa sharti la pili kwa sababu hakuna aliyemtumia faili.

Hatua ya 7: Kutuma

Andaa kwenye folda moja: makala, ukurasa wa kichwa wenye majina, majedwali, orodha ya ukaguzi iliyojazwa namba za kurasa, barua kwa mhariri na namba za ORCID, zinazomtambulisha kila mtafiti. Kama jarida linahakiki bila kumjua mwandishi, ondoa jina la hospitali yako ndani ya makala, hata kwenye sifa za faili la Word. Barua kwa mhariri isizidi nusu ukurasa: mmegundua nini, kwa nini wasomaji wake, na kwamba makala haiko jarida jingine. Ukituma kwenye majarida mawili kwa mpigo na wakagundua, unapoteza yote mawili. Kama ulitumia programu ya akili bandia kusafisha lugha, tamka.

Hatua ya 8: Majibu ya wahakiki

Barua ikija, isome, ifunge, lala. Kesho yake nakili kila hoja kwenye jedwali la safu tatu: hoja, jibu lako, ukurasa na mstari uliobadilika. Unaweza kukataa hoja, ila kwa ushahidi. Mhakiki mmoja alinitaka niondoe maelezo ya matukio ya kukadiria umri kwa kuwa ni marefu. Nilimjibu kwamba niliyaweka kwa sababu makala ya awali ilikataliwa kwa kukosa maelezo hayohayo, nikapendekeza orodha nzima iende kwenye kiambatisho. Alikubali.

Makala ikishapita utaletewa nakala ya mwisho ya kusahihisha, kwa kawaida kwa siku mbili tu. Usipoteze siku hizo kwa nukta na mkato. Angalia majina ya wenzako, namba ya kibali, kisha fungua jedwali la kwanza na uhesabu upya safu ya umri.