Kupata kibla kwa Duara ya Kihindi

Mimi ni fundi mwashi, Mombasa, na dira ya simu karibu na rundo la nondo siiamini hata kidogo. Nikiweka mstari wa msikiti natumia Duara ya Kihindi, njia iliyoelezwa na mwanafalaki al-Biruni karne ya 11: duara na kijiti, basi.

Sawazisha sakafu kwa pima maji. Hapa ndipo wengi huharibu; sakafu ikiinama, mstari nao huenda mrama. Simamisha kijiti chenye ncha, sentimita 30, ukihakiki kwa timazi pande mbili. Funga kamba shinani, uchore duara la nusu kipenyo cha sentimita 30.

Asubuhi ncha ya kivuli iko nje. Inapogusa duara ikiingia, tia alama. Alasiri inapogusa ikitoka, tia nyingine. Ziunganishe: huo ni mstari wa magharibi na mashariki. Tafuta katikati yake, kisha vuta uzi kutoka hapo hadi shina la kijiti. Juni kivuli chetu huangukia kusini, kwa hiyo endeleza uzi kupita kijiti. Huko ni kaskazini. Machi na Oktoba usijisumbue, jua liko utosini.

Sisi wa Mombasa tumebahatika: Makka iko karibu kaskazini kabisa, tofauti haifiki digrii 1. Wa Istanbul au Isfahan sharti wapime kwanza pembe kati ya kaskazini na kibla.

Ukitaka kuhakiki, ngoja 28 Mei saa 6:18 mchana, au 16 Julai saa 6:27, jua likiwa juu ya Kaaba. Kivuli kikilala kinyume kabisa cha kibla chako, mwaga zege.