Kabla Hujanunua Redio: Mambo ya Kupanga Kwanza Ukiwa Nairobi

Watu wengi wakishikwa na hii hobi ya kuongea na watu wa mbali kwa redio yako mwenyewe (amateur radio) wanaanza na redio yenyewe. Mtu anaona mashine ya wati 100 mtandaoni, anapiga hesabu, anaagiza, halafu ndio anakumbuka anaishi ghorofa ya nne Umoja na landilodi hataki kuona hata dishi ya pili kwa ukuta. Mimi nasema redio inunuliwe mwisho. Panga antena, kebo na stima kwanza, hivyo vikikaa sawa hata redio ya bei ya chini itaongea mbali.

Karatasi nitazipitia haraka. Laiseni na kolisaini, yaani jina lako la hewani la herufi na namba, zinatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA, wale wa Waiyaki Way, na kolisaini za Kenya zinaanza na 5Z, nyingi utasikia 5Z4 fulani. Kuna pia chama cha wenye hobi, Amateur Radio Society of Kenya, watafute mapema juu kuongea na mtu ambaye tayari yuko hewani kunakuokolea pesa. Kama unaagiza redio kutoka nje, uliza CA kuhusu kibali kabla ya kulipa, si wakati mzigo umeshakwama airport. Na usidhani CB, ile redio ya masafa mafupi ya kuongea kwa gari, ni ya bure kila mahali eti kwa sababu umeona vidio za madereva wa malori Marekani, huko sheria yao inaruhusu bila laiseni ya mtu binafsi, hapa uliza kwanza. Vile viredio vidogo vya mkononi vya Kichina navyo vinaweza kupeleka mawimbi mahali si pako kabisa, kwa hivyo usibonyeze kile kitufe cha kuongea eti unajaribu tu.

Sasa antena, na hapa ndio kazi iko. Ongea na keateka kabla ya landilodi, keateka ndiye ana funguo ya rufu na ndiye ataulizwa huo waya ni wa nani. Panda juu ukaangalie matangi yako wapi, kamba za nguo zinapita wapi, na nyaya za stima za barabarani ziko umbali gani. Kuhusu hizo nyaya hakuna mjadala: antena au mlingoti wako ukianguka upande wowote usiweze kuzifikia, hata kidogo, na kama haiwezekani basi hapo si mahali pa antena.

Ya kuanzia ni daipoli, waya mbili tu zimetokea katikati. Urefu wake wote ni 143 gawanya kwa masafa ya MHz, unapata mita. Kwa 14.2 ni kama mita 10, yaani kila mkono mita 5, na kwa 7.1 ni kama mita 20, ambayo kwa ploti ya hamsini kwa mia inaingia vizuri juu mia futi ni mita 30. Kata ndefu kidogo halafu punguza pole pole ukipima SWR, yaani kipimo cha vile antena inarudisha nguvu kwa redio badala ya kuitoa hewani, waya ukishakatwa haurudi. Chini ya 1.5 ni safi, 2 unaweza kuishi nayo, ikifika 3 wacha kuongea utafute shida iko wapi. Halafu zile ncha za daipoli zina volti nyingi sana ukiwa unaongea, mtu akizishika zinachoma, kwa hivyo zikae juu kabisa ya mikono ya watu wanaoanika nguo. Usizifunge kwa kamba ya nguo ya jirani.

Wa redio za gari hesabu yao ni nyingine. CB ni chaneli 40, kutoka 26.965 hadi 27.405 MHz, na robo ya wimbi, ambayo ndio urefu antena ya gari inataka, hapo ni kama mita 2.6, ndio maana zile antena fupi zina koili ndani. Pima SWR ukiwa mahali wazi na milango imefungwa, si ndani ya gereji ya mabati. Chaneli 1 na chaneli 40 ndizo zinakwambia ukweli: SWR ikiwa juu zaidi kwa 40 antena ni ndefu, ikiwa juu zaidi kwa 1 ni fupi.

Kebo watu wanaidharau sana. Ukienda maduka ya elektroniki ya Luthuli ukiuliza kebo ya antena tu bila kufafanua, kuna uwezekano mkubwa utapewa ya TV, ambayo ni omu 75, na redio yako inataka 50. Kwa daipoli ya chini si mwisho wa dunia, lakini ukiweza tafuta RG-58 au RG-213, hizo ni aina za kebo za omu 50. RG-58 ni nyembamba na bei yake inavumilika, kwa 27 MHz kutoka rufu hadi ghorofa ya nne haina neno, lakini kwa 145 MHz mita 30 zake zinakula karibu robo tatu ya nguvu, unanunua wati 50 antena inapata kama 12. Konekta zichomelewe risasi vizuri, na za nje zizungushiwe ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, maji yakishaingia kwa kebo hiyo kebo ni ya kutupa.

Stima: redio ya wati 100 inakula kama ampia 20 kwa volti 13.8 ukiongea, kwa hivyo pawasaplai ya kuchaji simu haiwezi. Hapa kwetu ningeenda na betri moja kwa moja, tokeni zikiisha au mtaa ukizima wewe unaendelea. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si karibu na redio, maana waya ikigusana katikati ndiyo itawaka. Na betri ya gari usiilaze chumba cha kulala ukiichaji, inatoa gesi.

Kelele nayo ipime kabla hujafunga kitu. Chukua redio ndogo ya betri yenye shot wevu, tembea nayo rufu nzima jioni taa zikiwa zimewashwa. Taa za LED za bei rahisi, chaja, inveta za sola, pampu ya bohoo, zote zinapiga kelele. Zima meni swichi ya nyumba yako, ikinyamaza basi adui uko naye ndani.

Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinakuja na radi. Chomoa kebo kabla mawingu hayajafika, na uiache nje ya dirisha, si juu ya meza karibu na redio. Radi ikishaanza, usiguse hiyo kebo tena.

Wenye hawana rufu kabisa wasikate tamaa. Kuna setilaiti inayobeba mawasiliano ya wenye hobi hii, inaitwa QO-100, imekaa digrii 25.9 mashariki, kutoka Nairobi iko karibu juu ya kichwa, digrii kama 77, kwa hivyo balkoni iliyo wazi juu inatosha kusikiliza kwa dishi ndogo. Shida ni kwamba dishi inaangalia juu kama bakuli, itoboe kashimo chini maji yatoke.

Mwisho nunua daftari. Rekodi za redio huandikwa kwa saa za UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, masaa matatu nyuma yetu, kwa hivyo ukiongea na mtu saa tatu usiku andika 18:00, si 3 wala 21.