Kabla hujaenda kutolewa gego la mwisho

Magego ya mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, na mengi hukosa nafasi. Jino likilala ubavu ndani ya ufizi, kulitoa ni upasuaji: daktari huchana ufizi, pengine hupunguza mfupa na kulikata vipande, kisha hushona. Akidai eksirei kwanza, usimwone anakuongezea gharama. Mizizi ya gego la chini hupita karibu na mshipa wa fahamu wa mdomo, na ukijeruhiwa mdomo hubaki na ganzi.

Mtajie dawa zako zote, na mitishamba ya nyumbani pia. Wanaotumia aspirini ya moyo au warfarini, dawa za kuzuia damu isigande, hupenda kuziacha kimyakimya ili damu isitoke sana. Hapana. Damu ya kwenye ufizi huzuilika kwa kung'ata kitambaa cha gozi na kushonwa. Ikiganda ubongoni ni kiharusi. Mwachie daktari aamue baada ya vipimo. Mwenye kisukari, presha, sikoseli au mimba aseme mapema.

Kula kabla ya kwenda, maana wengi hufunga bure wakaishia kizunguzungu kwenye kiti. Kufunga, kwa kawaida saa 6 bila chakula, ni kwa anayelazwa usingizi, si wa sindano ya ganzi. Na ile aspirini unayoibandika kwenye ufizi ukisubiri zamu, iteme: inaunguza nyama tu.

Anayetoka Pangani au Muheza aombe hifadhi kwa ndugu Tanga mjini usiku wa kwanza. Kuvuja damu ukiwa nyuma ya bodaboda kuna raha gani?

Jikoni andaa uji wa kupoa, mtindi, viazi vya kuponda. Shimo la jino hupona kwa bonge la damu linaloliziba, kwa hiyo siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara. Dafu linywe kwa glasi, si kwa mrija, na kahawa ya moto ya barazani Ngamiani isubiri. Bonge likitoka, maumivu makali huja siku ya pili hadi ya nne, yakapanda hadi sikioni. Rudi kwa daktari. Maji ya chumvi ya uvuguvugu huanza baada ya saa 24.

Uvimbe ukishuka shingoni, au ukashindwa kumeza mate, usingoje asubuhi: nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo.