PL/SQL: pembetatu ya namba isipotokea, cheki NEW_LINE

Nimepoteza jioni nzima kwa hiki kitu kidogo. Ukitaka kuprinti 1, chini yake 12, chini yake 123 kwenye PL/SQL (lugha ya programu ya hifadhidata ya Oracle), kwenye lupu ya ndani usitumie PUT_LINE maana kila namba itashuka mstari wake, tumia PUT, halafu ukishafunga lupu ya ndani ndo unaweka NEW_LINE:

FOR i IN 1..5 LOOP
  FOR j IN 1..i LOOP
    DBMS_OUTPUT.PUT(j);
  END LOOP;
  DBMS_OUTPUT.NEW_LINE;
END LOOP;

PUT inarundika tu herufi kwenye bafa (hifadhi ya muda), mstari haujafungwa, kwa hiyo ukisahau NEW_LINE unaambiwa prosija imekamilika vizuri na skrini tupu kabisa, unabaki unajiuliza umekosea wapi (SERVEROUTPUT, mpangilio unaoruhusu matokeo yaonekane, iwe ON lakini, hiyo nayo huwa tunaisahau wengi).

Inapogoma ni kwenye piramidi, yaani namba zikipangwa katikati kwa kutanguliza spesi. Spesi za mwanzo wa mstari SQL*Plus (programu ya Oracle ya kuandikia amri) inazikata yenyewe, piramidi yote inalalia kushoto. Andika SET SERVEROUTPUT ON FORMAT WRAPPED kwanza. Na ukivuka 9 tumia LPAD(j, 3), inayojaza spesi kushoto hadi namba ichukue nafasi tatu, la sivyo 10 inavuruga safu zote.